Unashusha prednisoloni na maumivu yamerudi? Soma hapa kabla hujapandisha dozi

Hii ni kwa wale ambao daktari ameshawaambia wana PMR, ile polimialjia rumatika, ugonjwa unaoumiza na kukaza mabega na nyonga, mkaanzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi, siku 3 za mwanzo mkajiona mmezaliwa upya, na sa hivi mnaambiwa mshushe dozi na kila mkishusha mwili unagoma. Mi mwenyewe mtu wa Tanga, naishi Uingereza, nina miaka 68, nilianza na mg 15 na leo niko mg 3, na katikati hapo nimepanda na kushuka mpaka nikachoka. Huku ugonjwa huu wanaujua vizuri manake unawapata sana wazungu wa kaskazini, Skandinavia ndo kabisa, wenye miaka 50 kwenda juu na wanawake zaidi. Kwetu ni nadra, nilipomwambia dada yangu kwenye simu akanijibu hiyo ni baridi yabisi tu, nijipake mafuta ya karafuu.

Kosa nililofanya mara 2 ni lile lile. Nilisikia maumivu, nikakimbilia kopo la vidonge, nikarudi juu. Kumbe mtu akishusha steroidi kuna maumivu ya aina nyingi yanayokuja na ni moja tu ndo PMR yenyewe, sasa ukipandisha dozi kwa kila kinachouma hutoki, unabaki umenenepa uso kama mkate wa mofa na mifupa inaliwa ndani kwa ndani. Kwa hiyo swali la kwanza kila mara ni hili: haya maumivu ni ya nani?

Kichwa, taya, macho: hili halisubiri

Naliweka mwanzo kwa makusudi. Kichwa kinauma kwa namna ambayo hukuizoea, hasa kwenye mapanja, ukichana nywele ngozi inauma, ukitafuna nyama taya linachoka katikati ya tonge mpaka upumzike ndo uendelee, au jicho limekuwa kama pazia limeshushwa hata kama ni kwa dakika chache halafu likarudi, au unaona vitu viwili viwili. Huo unaweza kuwa ndugu yake PMR, uvimbe wa mishipa mikubwa ya damu ambao madaktari wanauita GCA. Kati ya watu 100 wenye PMR, 15 mpaka 20 hivi wanaupata. Unaweza kupofusha jicho, na likishapofuka halirudi. Hapo huandiki daftari, husubiri miadi ya wiki ijayo, unaenda hospitali siku hiyo hiyo na unawaambia wazi kabisa "nina PMR, niko kwenye prednisoloni, macho yangu yamefanya hivi". Dozi ya huo ugonjwa ni kubwa, kawaida mg 40 mpaka 60, wala si ya kujipangia nyumbani.

Kama hamna lolote kati ya hayo, tuendelee.

Jipime kwanza, usikisie

Jikoni kwangu kopo la majani ya chai liko shelfu ya juu kabisa. Nilipoanza kuumwa nilikuwa nasimama chini yake saa 11 alfajiri nikilitazama, mkono haupandi kupita bega, chai nikanywa ya tangawizi kavu kwa sababu tangawizi ilikuwa chini. Sasa hilo kopo ndo kipimo changu. Kila asubuhi kabla ya kidonge nalinyooshea mkono wa kulia, halafu wa kushoto, naandika: nimelishika, nimeligusa, sijalifikia. Halafu nainuka kwenye kiti bila kushika mikono, naandika. Halafu dakika ngapi mwili umekaza mpaka ukalegea. Dakika 10 ni uzee tu, dakika 45 na zaidi ni habari nyingine. Mambo 3, mstari mmoja, basi. Bila hivyo ukifika kwa daktari unabaki kusema "najisikia vibaya" na ye atafanya nini na hilo.

Maumivu yamekuja siku chache tu baada ya kushusha

Umeshusha Jumatatu, Jumatano mwili mzima unauma kama una mafua, mapaja, magoti, vidole, hata sehemu ambazo PMR haikuwahi kukugusa, unalia bila sababu, usingizi haupo, umechoka. Mara nyingi hiyo ni mwili unaidai dawa iliyopungua. Daktari wangu alinieleza kwamba mwili ukizoea kiwango fulani cha steroidi, ukipunguza unalalamika hata kama ugonjwa wenyewe umelala. Dalili yake kubwa ni kwamba inaanza mapema na inapungua, wiki 1, wiki 2, kila siku afadhali kidogo kuliko jana. Hapo cha kufanya ni kuvumilia, kupumzika, parasetamoli kama unaruhusiwa, kutembea taratibu, na usishushe tena mpaka itulie kabisa. Watu wengi wanaopandisha dozi bila sababu wanapandishia hapa, na mi nilikuwa mmoja wao, mara ya kwanza nilitoka 9 nikarudi 10 siku ya 4 tu, nikipiga hesabu leo naona ningesubiri wiki ingeisha yenyewe.

Maumivu yalikaa kimya, yakaja baadaye, na kila siku yanazidi

Hii sasa ndo PMR inarudi. Inakuja taratibu, wiki ya 2, ya 3, ya 4, au hata miezi baada ya kushusha. Inarudi pale pale palipoanzia, mabega yote mawili, shingo, nyonga zote mbili, na asubuhi ndo mbaya, kugeuka kitandani ni kazi, kuvaa nguo ya kichwani ni kazi, mchana afadhali. Daftari linaonyesha: Jumatatu kopo nimelishika, Alhamisi nimeligusa, Jumapili sijalifikia. Hapo hakuna ubishi.

Wasikutishe, inatokea sana, karibu nusu ya wagonjwa inawarudia angalau mara moja wakishusha. Utaratibu unaotumika ni kurudi kwenye dozi ya mwisho uliyokuwa mzima nayo, sio kurudi mpaka 15 ya mwanzo kwa hasira, halafu kushuka tena kwa wiki 4 mpaka 8 hadi pale ulipoanguka. Mpigie daktari mkubaliane, na kama inawezekana damu ichukuliwe KABLA hujapandisha, manake ukishameza dozi kubwa CRP, kile kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe, inashuka na ushahidi unakuwa umeufuta mwenyewe.

Na vipimo vyenyewe, hiyo CRP na mwenzake ESR, visikutawale. CRP inapanda kwa jino bovu, kwa UTI, kwa mafua. ESR inapanda kwa umri na kwa upungufu wa damu. Na kuna wachache PMR inawarudia na vipimo viko safi. Daktari mzuri anamtibu mtu, karatasi ya maabara anaitazama pembeni.

Unashusha haraka mno

Mpango wa kawaida: unaanza mahali kati ya 12.5 na 25, unafika 10 ndani ya wiki 4 mpaka 8, halafu kuanzia hapo mg 1 kila wiki 4, wengine mpaka wiki 8. Watu wanaona mg 1 ni ile ile kila mara, hesabu inakataa. Kutoka 10 kwenda 9 umepunguza sehemu moja ya kumi. Kutoka 5 kwenda 4 umepunguza moja ya tano. Kutoka 2 kwenda 1 umekata nusu nzima! Ndo maana juu kule mtu anateremka kama lifti, akifika 7 au 5 anakwama, anadhani ugonjwa umekuwa mkali kumbe ngazi ndo zimekuwa ndefu. Chini ya 5 wengi wetu tunaenda kwa nusu mg au kwa kupishanisha siku, leo dozi mpya, siku 3 ile ya zamani, halafu leo mpya na kesho ya zamani, mpaka ya zamani inakwisha. Ni polepole ya kuudhi lakini inafanya kazi.

Tatizo ni kidonge chenyewe

Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Nilienda Tanga wiki 6, vidonge vyangu vya mg 1 vikaisha, nikazunguka maduka ya dawa yote, kila duka wana vya mg 5 tu. Nikakaa jikoni kwa dada na kisu cha kukatia vitunguu, cha kwanza kikakatika vizuri nusu kwa nusu, nikajaribu robo, nusu kipande kikaruka chini ya friji na kilichobaki kikawa unga. Siku ile sijui nilimeza ngapi. Kama uko nyumbani na una vya 5 tu, nusu ni 2.5 na inatosha, mwambie daktari akupangie kwa kupishanisha: leo 10, kesho 7.5, wastani unakuwa 8.75 na hujakata robo hata moja. Kikatio cha vidonge cha plastiki ni bei ndogo tu. Na ukisafiri beba vya safari nzima na wiki 2 za ziada, kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku.

Vile vyenye ganda la rangi la kulinda tumbo usivikate kabisa, ukikata ganda halina kazi tena. Na kama ulikuwa unatumia vyenye ganda ukabadilishiwa vyeupe vya kawaida au kinyume chake, vinavyeyuka tofauti mwilini, mtu anaweza kudhani PMR imerudi kumbe ni kidonge kimebadilika. Prednisoni na prednisoloni zinalingana mg kwa mg, hapo usiogope. Deksamethasoni HAILINGANI, mg 0.75 yake ni sawa na 5 ya prednisoloni, kwa hiyo muuza duka akikwambia "hii ni ile ile mama" weka pesa yako mkobani uondoke.

Angalia pia dawa nyingine unazomeza. Rifampisini ya TB inaifukuza prednisoloni mwilini haraka, mtu yuko 10 lakini mwilini ni kama yuko nusu yake. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini hivyo hivyo. Na baadhi ya dawa za VVU zinafanya kinyume, steroidi inajaa. Na zile dawa za mitishamba za viungo zinazomtoa mtu maumivu kwa siku 2, nyingine zimekutwa zimechanganywa deksamethasoni kimya kimya. Ukiwa unashusha huku unakunywa hiyo, unashusha nini sasa?

Umefika chini ya 5 na umechoka kama umebeba gunia

Mwili wenyewe una tezi 2 ndogo juu ya figo zinazotengeneza steroidi yetu ya asili, kotisoli, kwa siku inalingana na prednisoloni mg 5 hivi, kwa wengine pungufu au zaidi kidogo. Ukimeza vidonge miezi na miezi tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine zinalala. Ni kama umemlisha mtu bure miaka 2 halafu ghafla unampa jembe. Ndo maana kati ya 7 na 3 watu wanalalamika uchovu wa ajabu, kizunguzungu wakisimama, kichefuchefu, hamu ya kula imekata, na mabega hayaumi kabisa. Ukiona hivyo, kopo la chai unalishika vizuri lakini huna nguvu ya kuchemsha hiyo chai, usikimbilie kusema PMR. Omba kipimo cha kotisoli ya asubuhi, damu inachukuliwa saa 2 au 3 asubuhi, angalau masaa 24 tangu kidonge cha mwisho, cha siku hiyo unakimeza baada ya kutoa damu, manake prednisoloni inaweza kulidanganya jibu. Juu ya 300 nmol/L (kwa maabara zinazoandika µg/dL ni 10) tezi zimeamka. Chini ya 150, yaani 5, bado zimelala, unakaa pale pale miezi kadhaa upime tena. Katikati unasubiri. Mi jibu la kwanza lilikuwa 140, nikakaa kwenye 4 miezi mitatu nikinung'unika kila siku, la pili likawa 260.

Na hapa kuna hatari ya kweli. Tezi zikiwa zimelala, ukipata homa kali, ajali, operesheni, kuharisha, mwili unahitaji kotisoli nyingi na hauna. Kwa hiyo USIACHE ghafla hata siku moja baada ya wiki 4 na zaidi za kumeza, hata kama umekasirika na uso wako kwenye kioo. Ukiumwa na homa dozi inaongezwa kwa muda, mi nimeandikiwa 5 asubuhi na 5 jioni mpaka homa iishe halafu narudi nilipokuwa. Ukitapika na kidonge hakikai, hiyo ni hospitali, unahitaji sindano ya haidrokotisoni. Tumbo linauma, presha imeshuka, mtu anaongea visivyoeleweka, msimpe uji mkasubiri, mkimbizeni na mseme neno steroidi mlangoni kabisa. Huku NHS, huduma ya afya ya Uingereza, tangu 2020 wana kadi ya dharura ya steroidi ya kubeba, nyumbani kama hamna andika mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi weka kwenye pochi.

Ramadhani kaongee na daktari mwezi wa Shaabani, usisubiri mwandamo. Kuna wanaomeza wakati wa daku na wakafunga vizuri, kuna ambao tezi zao haziruhusu kabisa, na hilo hulijui kwa kujikadiria. Kizunguzungu au kutapika ukiwa umefunga, unafungua.

Miguu haina nguvu lakini haiumi

Ngazi zinakushinda, kuinuka chooni mpaka ushike ukuta, lakini maumivu hamna na asubuhi hujakaza. Hiyo inaweza kuwa steroidi yenyewe imekula misuli ya mapaja. Hapa kupandisha dozi ndo unaongeza moto kwenye moto, dawa yake ni kuendelea kushuka taratibu na mazoezi, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10 asubuhi mara 10 jioni, na kula protini, maharage, mayai, samaki.

Inauma upande mmoja, au mahali papya

PMR hupenda pande zote mbili. Bega moja tu likiganda, huenda ni bega lenyewe. Goti la zamani lilikuwa linauma tangu enzi, ile 15 ilikuwa imelifunika, sasa blanketi limeondolewa. Kinena upande mmoja ukikanyaga, au mgongo ulioanza ghafla baada ya kuinua ndoo, piga picha, steroidi inavunja mifupa na inaua kichwa cha nyonga. Vidole na viganja vikivimba, daktari aangalie kama ni baridi yabisi ya viungo, zile 2 zinafanana sana kwa wazee. Wamama wenzangu tunaojifunika na kukaa nchi zisizo na jua, vitamini D pimeni, ikishuka inauma mifupa na misuli na inafanana na PMR vibaya sana. Dawa za kolesteroli nazo zinaumiza misuli. Na ukikonda, unatoka jasho usiku, homa haiishi, rudi mwanzo kabisa, huenda jina la ugonjwa lilikuwa kosa.

Mengine kwa kifupi. Sukari: ukimeza asubuhi inapanda mchana na jioni, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kabla hujala kinaweza kuwa kizuri na bado una sukari, pima jioni. Usingizi: meza asubuhi pamoja na chakula, mara moja, isipokuwa uko chini ya 5 na usiku ndo unakusumbua, hapo daktari anaweza kukugawia mara 2. Mifupa: kalsiamu, vitamini D, na kidonge cha mifupa kama umepewa, kile cha wiki mara moja kinamezwa na maji tumbo tupu na usilale nusu saa. Na kama umekulia kwetu, kabla ya kukaa kwenye steroidi muda mrefu mwambie daktari akupime TB iliyojificha na wale minyoo wa strongiloidi, madaktari wa huku hawawafikirii na steroidi inawaamsha, wanaweza kuua mtu.

Umeanguka mara 3 pale pale

Hapo tatizo si wewe. Uliza kuhusu methotrekseti, inamezwa mara moja kwa WIKI, sio kwa siku, rudia hilo neno mpaka kila mtu nyumbani alijue. Kuna pia sarilumabu, Marekani waliiruhusu kwa PMR mwaka 2023 kwa wale wanaoshindwa kushuka, ni sindano na ni ghali. Zote kazi yake ni kukusaidia kuteremka.

mg 1 ya mwisho

Wengi wanamaliza ndani ya miaka 1 hadi 2, wengi pia wanazidi hapo, na kuna wanaobaki na 1 au 2 muda mrefu kwa ruhusa ya daktari wakaishi vizuri tu. Hata ukimeza cha mwisho kabisa, tezi zinaweza kuwa hazijaamka sawasawa mpaka mwaka mzima baadaye, kwa hiyo ukienda kung'oa jino au kufanyiwa operesheni sema kwamba ulikuwa unatumia. Kadi yangu iko kwenye pochi nyuma ya kadi ya basi, na nikishamaliza vidonge itakaa hapo hapo miezi 12.